Kilimo hai kwa mtoto mchanga: ninavyoamua nilipie kipi na niache kipi

Kwa miaka tisa niliuza pembejeo za kilimo. Nilisimama kaunta, nyuma yangu rafu za viuatilifu, na kila chupa niliyomkabidhi mkulima nilimsomea mambo mawili: kipimo cha kuchanganya na maji, na siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Wapo waliosikiliza. Wapo waliokuwa wameshafika mlangoni kabla sijamaliza la kwanza. Basi nilipopata ujauzito wa kifungua mimba wangu sikuhitaji mtu wa kunitisha, nilijitisha mwenyewe. Nikaapa mtoto huyu hatatia kinywani kitu kisicho cha kilimo hai, kile kilimo kisichotumia mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kutengenezwa kwa kemikali.

Kiapo kilinitokea puani. Vyakula vyenye nembo ya kilimo hai vilikuwa ghali na aina zake chache, kwa hiyo tangu alipoanza kula akiwa na miezi sita akawa anazungushwa kwenye vitu vilevile vitano: tufaha, pea, karoti, boga na uji wa mchele wa pakiti. Alipofika miezi tisa alikuwa amepauka, analala sana, hata kutambaa kunamchosha. Kipimo cha damu kikaonyesha upungufu wa madini ya chuma. Muuguzi akaniuliza, “Nyama anakula? Maini? Maharage?” Nyama ya kilimo hai sikuwa nimeipata, na ile nyingine nilikuwa nimeipiga marufuku. Nilikosa jibu. Nilikuwa nikimkinga mtoto na mabaki ya dawa yanayohesabiwa kwa sehemu za bilioni, huku nikimnyima kitu ambacho mwili wake unakidai kwa miligramu kila kukicha.

Alipopata nafuu, na alipokuja kitinda mimba, nilibadili mpangilio wa maswali. Nembo sasa ndiyo swali la mwisho. Haya ndiyo yanayotangulia.

Anza na chuma, nembo itafuata

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha chakula cha nyongeza kianze huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Miezi sita haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma, na karibu na umri huo akiba hiyo huwa inaelekea ukingoni, na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Nchini Marekani kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto wa miezi 7 hadi 12 ni miligramu 11 kwa siku. Mwanamume mzima anapendekezewa 8. Rudia kusoma hizo namba mbili. Mimi nilizisoma mara tatu.

Kwa hiyo orodha yangu ya manunuzi huanza na chakula chenye chuma: nyama iliyosagwa laini, maini kidogo, yai lililoiva vizuri, maharage, dengu. Chuma cha nafaka na jamii ya kunde hakifyonzwi kwa urahisi kama cha nyama, hivyo kwenye mlo huohuo naweka kitu chenye vitamini C, mathalani nyanya au chungwa. Kama chenye nembo kipo na mfuko unaruhusu, sawa. Kama hakipo, nanunua kilichopo. Chakula cha chuma hakisubiri nembo.

Tukiwa hapohapo: geuza pakiti ya uji usome viambato. Nafaka nyingi za watoto huongezwa chuma kiwandani, lakini baadhi za kilimo hai haziongezwi. Uji wangu wa mchele ulikuwa wa aina hiyo. Nembo nzuri mbele, nyuma chuma hakuna, na mimi sikuwahi kuugeuza.

Neno “kilimo hai” linaahidi nini hasa

Linaahidi namna chakula kilivyozalishwa. Mbolea za viwandani hazikutumika, viuatilifu vya kutengenezwa kwa kemikali havikutumika, mbegu si zile zilizobadilishwa vinasaba, na mifugo haikupewa dawa za antibiotiki ili ikue haraka. Halisemi kwamba hakuna dawa yoyote iliyopuliziwa. Mimi mwenyewe nimewauzia wakulima wa kilimo hai dawa ya pareto, salfa na dawa zenye shaba, zote halali kwao kwa masharti. Pareto ni ua, lakini mdudu akiipata hufa vilevile.

Kwenye bidhaa ya kiwandani soma kwa makini zaidi. Marekani na Umoja wa Ulaya nembo rasmi inataka angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo viwe vya kilimo hai. Marekani kuna daraja la chini yake, “imetengenezwa kwa viambato vya kilimo hai”, ambalo asilimia 70 zinatosha. Ama neno “asilia” peke yake, hilo lisikuyumbishe; halina ukaguzi wa shamba nyuma yake. Tafuta jina au namba ya msimbo ya shirika lililothibitisha. Kama kuna picha ya jani tu na maneno matamu, hiyo ni picha ya jani tu.

Utafiti unasema nini, kwa kifupi

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti zaidi ya mia mbili. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho vingi zaidi, ila walikuta mabaki ya viuatilifu hupatikana humo mara chache zaidi. Mwaka huohuo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilifikia msimamo unaokaribiana na huo, kikasisitiza kwamba la muhimu ni mtoto ale matunda na mboga za kutosha, za kilimo hai au za kawaida. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle ilichambua machapisho 343 ikaona tofauti kubwa zaidi: viondoasumu asilia (antioxidants) vingi kwenye mazao ya kilimo hai, na kadmiamu, metali nzito yenye sumu, pungufu, hasa kwenye nafaka. Wanabishana juu ya virutubisho. Juu ya mabaki ya viuatilifu hawabishani.

Utafiti ulionigusa mimi zaidi ni mdogo. Jijini Seattle watoto 23 wa shule ya msingi walibadilishiwa chakula kwa siku tano, wakapewa cha kilimo hai, na mkojo wao ukapimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Alama za malathioni na klopirifosi zilishuka karibu mara moja hadi zisionekane kwenye vipimo, na zilirudi waliporudishiwa chakula cha kawaida. Nilizijua dawa hizo mbili kwa rangi za vifuniko vyake. Utafiti huo haukusema kama watoto walikuwa na afya bora zaidi wiki ile, wala haukukusudia kusema. Unasema kwamba chakula ndiyo njia ambayo dawa hizo zilipitia kuwafikia, na kwamba mwili wa mtoto huzitoa upesi zikikoma kuingia. Hilo la pili ndilo lililonipa usingizi: tufaha moja la kawaida leo si dhambi inayobaki mwilini.

Na kwa nini tuzungumzie watoto peke yao? Kwa sababu mtoto hula kingi kuliko sisi ukilinganisha na uzito wake, tena hula vitu vichache kwa kurudiarudia, na viungo vyake bado vinajijenga. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ililiandika hilo mwaka 1993, na mwaka 1996 sheria ya nchi hiyo ikataka viwango vya mabaki viongezewe ulinzi wa mara kumi kwa ajili ya watoto, isipokuwa pale takwimu za kuaminika zikionyesha kwamba hauhitajiki. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi kwenye vyakula vya watoto vya kiwandani: kwa kawaida kila kiuatilifu kisizidi miligramu 0.01 kwa kilo, kiwe cha kilimo hai au la.

Hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Palipo na sheria kama hiyo, kichupa cha kawaida cha chakula cha mtoto tayari kimebanwa sana upande wa viuatilifu. Nembo ya kilimo hai kwenye kichupa hicho huongeza kidogo mno kwa afya ya mtoto, na ndiyo ninayoilipia kwa shingo upande kuliko zote. Fedha hiyo hufanya kazi zaidi kwenye tunda bichi.

Maswali matatu mbele ya kila tunda

Nikiwa na tunda au mboga mkononi najiuliza: Ganda lake linaliwa? Mmea wake hupuliziwa sana? Mwanangu hulila mara ngapi kwa wiki?

La kwanza lina uzito mkubwa. Parachichi, nanasi, ndizi na kitunguu vina ganda tunalolitupa, na sehemu kubwa ya kilichokaa juu hutupwa nalo. Hivyo navinunua vya kawaida bila kuumiza kichwa. Stroberi halimenyeki. Spinachi ni jani tupu, eneo kubwa la kupokea dawa na hakuna cha kuondoa. Tufaha na pichi humenyeka, ila ukimenya unatupa pia nyuzinyuzi.

La pili nalijibu kwa uzoefu wa kaunta. Stroberi huugua ukungu kwa urahisi, na mkulima wake alikuwa mteja wangu wa kila wiki. Wa maboga nilimwona mara moja kwa msimu, na mara nyingi alikuja kununua mbegu. Usipokuwa na uzoefu huo, ipo orodha ya Environmental Working Group, shirika la kutetea mazingira la Marekani, ambamo stroberi na spinachi zimekaa juu kwa miaka mingi huku parachichi na nanasi zikikaa upande ulio safi. Itumie kama dira ya haraka. Usiichukulie kama kipimo cha hatari, maana kwa miaka mingi ilipanga mazao kwa wingi na aina za mabaki bila kuuliza kama kiasi hicho kinakaribia kudhuru. Takwimu zenyewe hutoka kwenye upimaji wa Wizara ya Kilimo ya Marekani ulioanza mwaka 1991, ambao kila mwaka hukuta zaidi ya asilimia 99 ya sampuli zikiwa chini ya kikomo cha kisheria, tena baada ya kuoshwa au kumenywa kama tufanyavyo nyumbani.

La tatu ndilo watu hulisahau. Kitinda mimba wangu alipenda tufaha kupita kiasi, asubuhi na jioni. Basi matufaha yakawa ya kilimo hai. Stroberi, pamoja na sifa zake mbaya, alikula labda mara mbili kwa mwezi, nikanunua za kawaida nikaziosha vizuri. Kitu anachokula kila siku kina haki ya fedha yangu kuliko kitu kibaya anachokigusa kwa nadra.

Ukiona majibu yote matatu yanaelekea upande mmoja, ganda huliwa, hupuliziwa sana, na mtoto hulila kila siku, lipia nembo kama unaweza. Kama huwezi, mpe lile la kawaida. Kuacha tunda kwa hofu ni hasara ambayo nimeshaionja.

Kuosha

Maji yanayotiririka, vidole vikisugua, nusu dakika hivi. Sabuni usitie; matunda hunyonya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu matufaha kwenye maji yenye gramu 10 za bikaboneti ya sodiamu kwa lita, ile baking soda ya kuumulia keki (si baking powder), na baada ya dakika 12 hadi 15 dawa mbili walizozipima zilikuwa zimetoka juu ya ganda kuliko kwa maji matupu. Kilichokuwa kimepenya ndani ya ganda hakikutoka. Nilitarajia hivyo, kwani zipo dawa zilizotengenezwa makusudi zipenye mmea, na wateja wangu walizipenda kwa sababu mvua haizioshi.

Cha kilimo hai nacho kioshe. Samadi ina vimelea. Kanuni za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa lisilogusana nao. Unaona, hata huku kuna siku za kusubiri, na hata huku kuna watakaokuwa wameshafika mlangoni.

Mambo ambayo nembo haiyawezi

Hapa ndipo ninapowaona wazazi wakijikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Arseniki. Ni sumu inayotoka ardhini na majini, na mpunga unaokua kwenye maji yaliyotuama huivuta kuliko nafaka nyingine. Mmea hauulizi kama shamba lina cheti. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2016 umeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kilo kwenye mchele wa kutengenezea vyakula vya watoto, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 2020 ikaweka kiwango hichohicho kwa uji wa mchele wa watoto. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo cha Dartmouth walikuta maziwa ya kopo ya watoto, ya kilimo hai, yaliyotiwa utamu kwa sharubati ya mchele wa kahawia yakiwa na arseniki zaidi ya mara 20 ya yale yasiyo nayo. Ya kilimo hai! Na mwaka 2021 kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti juu ya metali nzito kwenye vyakula vya watoto, na kampuni zinazouza vya kilimo hai zilikuwemo.

Dawa yake ni kubadilisha nafaka. Shayiri, mtama, mahindi, ngano, kila moja kwa siku yake, na mchele uwe mmoja wao. Wali wa mtoto upike kwa maji mengi, vikombe sita hadi kumi kwa kikombe kimoja cha mchele, kisha mwaga maji ya ziada. Hilo hupunguza arseniki kwa takriban asilimia 40 hadi 60, ingawa kama mchele uliongezwa vitamini baadhi zitakwenda na maji.

Sukari. Sukari ya miwa ya kilimo hai ni sukari. Juisi ya matunda iliyokolezwa, inayotajwa mwishoni mwa orodha ya viambato kana kwamba ni jambo dogo, nayo ni sukari. Vile vifuko vya kufyonza vyenye picha ya spinachi na brokoli mbele, ukisoma nyuma mara nyingi utakuta tufaha au pea ndiyo ya kwanza. Mtoto anajifunza utamu, na hajifunzi kutafuna.

Asali. Kabla ya miezi 12, hapana, hata ikiwa imetoka kwenye mzinga safi kuliko yote. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza, na utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kuzizuia. Maziwa mabichi yasiyochemshwa wala kupasteurishwa, hapana vilevile. Na zabibu nzima humkaba mtoto bila kujali zimelimwaje. Zikate vipande vinne kwa urefu.

Maziwa ya kopo

Ukiyahitaji, jua kwamba kiwango cha virutubisho kimewekwa na sheria, na ya kawaida na ya kilimo hai yote yanapaswa kukifikia. Ninaangalia yafae umri wa mtoto, sukari yake kuu iwe laktosi, ile sukari ya asili ya maziwa, na sharubati ya mchele isiwemo. Kisha naangalia mkono wangu mwenyewe, kwa sababu maji machafu au kijiko kilichopunguzwa ili kopo lidumu humdhuru mtoto kuliko chochote nilichokitaja hapo juu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kuchanganyia yasiwe chini ya nyuzi 70, yapate kuua bakteria walio kwenye unga, kisha yapozwe kabla ya kumpa.

Mkulima asiye na cheti

Cheti ni gharama, na wapo wakulima wadogo wanaolima kwa mboji na majivu ambao hawatakipata maishani. Wapo pia wanaosema “hii haina dawa” kwa sababu ndilo neno linalouza. Usimuulize kama analima kilimo hai, atakujibu unachotaka kusikia. Muulize: mara ya mwisho umepulizia lini, umepulizia nini, na umesubiri siku ngapi? Anayefuata taratibu hujibu bila kufikiri, wengine hata jina la dawa hulitaja kwa fahari. Anayekwepa, umeshajibiwa.

Mmoja nilimuuliza kuhusu nyanya zake. Akaniambia, “Jana jioni, dada, zilikuwa na wadudu.” Nilimshukuru kwa ukweli wake. Nyanya nikaziacha, nikachukua boga na maharage yaliyokaushwa, na nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi siku za kusubiri za dawa aliyoitaja. Alikikunja akakitia mfukoni, na wiki iliyofuata alinipigia simu kuniambia nyanya ziko tayari, zimetimiza siku.